Simu ya shilingi 75 kwa siku: nani anapata nafuu, wa mkataba au wa mdogo mdogo?

Ukisafiri kutoka Meru mjini hadi Embu kwa ile barabara inayopinda chini ya Mlima Kenya, kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes, ni nadra kupita kituo cha biashara usikute mwavuli, meza na vijana wawili watatu wanaouza simu za mkopo. Bango lao huwa na tarakimu moja kubwa, nayo ni malipo ya siku. Bei kamili ya simu haipo, au imeandikwa kwa herufi ndogo za kumsumbua hata mwenye macho mazima. Mabango ya aina hiyo yamejaa Mwembe Tayari, Malindi na Ukunda pia. Ndiyo maana nimeona niwaletee wasomaji wa Pwani hesabu niliyoifanya huku bara, ambako kazi imeniweka kwa mwaka wa tatu sasa.

Swali lilianza kwa jirani yangu hapa Embu, mwalimu wa shule ya upili. Aliletewa mkataba wa miezi 24: anapewa simu kwa pesa kidogo sana ya mwanzo, kisha analipa kiasi fulani kila mwezi kinachojumlisha bando na dakika za kupiga. Mdogo wake, mwendesha boda boda, ana simu kama hiyo ila yeye analipa kila siku. Kila mmoja anaamini mwenzake amepunjwa. Wakaniletea mabishano yao niamue.

Jibu la haraka ni kwamba yote yanategemea jambo ambalo muuzaji hakuulizi: kwa kawaida unatumia pesa ngapi kwa mwezi kununua bando na muda wa maongezi? Bila kujua tarakimu hiyo, huwezi kusema ni nani aliyepata nafuu.

Madeni mawili yenye sura tofauti

Tuyatenganishe kwanza. Katika malipo ya mdogo mdogo, unachonunua ni simu. Unatoa arbuni, halafu unalipa kila siku au kila wiki hadi deni liishe. Bando ni juu yako. Ukimaliza, simu ni yako na huna uhusiano tena na aliyekukopesha.

Katika mkataba wa mwezi, kampuni ya mawasiliano inakupa simu kwa bei iliyopunguzwa, pengine hata bila malipo ya mwanzo, lakini unajifunga kununua huduma zake kwa muda uliowekwa. Pesa iliyopunguzwa haikupotea. Imehamishiwa kwenye malipo ya kila mwezi, ikachanganywa na bando, na ukishaitia maji kwenye maziwa huwezi tena kuyatofautisha kwa macho.

Nchini Kenya mikataba ya namna hii ni michache, na sababu si ngumu kuiona. Karibu laini zote zetu ni za kulipia kabla ya kutumia. Tena tangu Aprili 2011 mteja anaruhusiwa kuhama kampuni na nambari yake. Kampuni gani itampa mtu simu ya maelfu kwa kutarajia kwamba atabaki naye miaka miwili, hali anaweza kubadilisha laini kesho asubuhi? Kwa hiyo mikataba imebaki kwa wenye mshahara na wenye biashara zilizosajiliwa, watu ambao malipo yao yanaweza kufuatiliwa.

Wengine walisubiri hadi ikapatikana njia ya kumfuatilia mteja asiye na hati ya mshahara. Njia hiyo ni kufuli iliyo ndani ya simu yenyewe. M-KOPA iliijaribu kwanza kwa taa na mitambo ya sola iliyojizima malipo yanapokatika, kisha ikaingia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom ilishirikiana na Google kuanzisha Lipa Mdogo Mdogo, iliyotangazwa kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Watu, ambayo ilianzia hapo Mombasa mwaka 2015 kwa kukopesha pikipiki, nayo ikaongeza simu. Leo dhamana yako si shamba wala hati ya mshahara. Dhamana ni hicho kioo ulichokishika mkononi.

Tufanye hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Chukua karatasi uweke zako mahali pake.

Tuseme simu inauzwa shilingi 15,000 taslimu. Kwa mdogo mdogo unatakiwa arbuni ya 3,000 na shilingi 75 kwa siku kwa siku 365. Shilingi 75 mara 365 ni 27,375. Ongeza arbuni, jumla ni 30,375. Umelipa simu mbili, ukapewa moja.

Ukitoa arbuni, ulichokopeshwa hasa ni shilingi 12,000. Ulichorudisha ni 27,375. Ziada ni 15,375, yaani asilimia 128 ya kile ulichokopa. Na kwa sababu deni linapungua kila siku unayolipa, riba halisi ni kubwa kuliko hiyo. Ukiipiga kwa njia wanayotumia watu wa benki, inakaribia asilimia 200 kwa mwaka. Hakuna mtu anayeweza kuandika tarakimu kama hiyo kwenye mwavuli akauza. Shilingi 75 kwa siku inauzika, maana ni pesa ya chai na mandazi.

Sasa mkataba. Tuseme simu ile ile inatolewa kwa shilingi 2,000 za mwanzo na 1,900 kwa mwezi kwa miezi 24, bando ikiwemo. Shilingi 1,900 mara 24 ni 45,600. Ongeza 2,000, jumla 47,600. Ukiangalia juu juu utasema mkataba ndio ghali kupita kiasi. Lakini ndani ya pesa hiyo kuna bando ya miaka miwili, ambayo mwenye mdogo mdogo anainunua kando. Lazima tuitoe.

Kama mwalimu hutumia shilingi 1,500 kwa mwezi kwa bando na maongezi, miaka miwili ni 36,000. Toa hiyo kwenye 47,600, simu imemgharimu 11,600. Amepata nafuu kuliko hata aliyelipa taslimu.

Kama hutumia 1,000 kwa mwezi, miaka miwili ni 24,000. Simu imemgharimu 23,600. Ni ghali kuliko taslimu, lakini bado ni rahisi kuliko mdogo mdogo.

Kama hutumia 500 tu kwa mwezi, miaka miwili ni 12,000. Simu imemgharimu 35,600. Huyu amepigwa na wote wawili, maana anauziwa bando asizohitaji ili apewe simu anayoihitaji.

Kwa mfano huu, mpaka uko karibu na shilingi 1,360 kwa mwezi. Ukitumia zaidi ya hapo, mkataba unashinda hata taslimu. Chini ya takriban 720 kwa mwezi, mdogo mdogo, pamoja na ughali wake wote, una afadhali kuliko mkataba. Katikati ya hizo mbili, mkataba unashinda mdogo mdogo lakini taslimu inaushinda.

Kuna njia ya nne ambayo watu huisahau kwa kuwa haina mwavuli barabarani, nayo ni sacco. Meru na Embu ni nchi ya saccos: za walimu, za wakulima wa majani chai, za wenye matatu. Ukikopa zile 12,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, utalipa kama shilingi 1,066 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Jumla ya marejesho ni takriban 12,800, na ukijumlisha ile 3,000 uliyokuwa nayo, simu imekugharimu 15,800 hivi. Tofauti kati ya sacco na mwavuli ni zaidi ya shilingi 14,500, karibu bei ya simu nyingine nzima.

Wenzetu walishapitia

Marekani mikataba ya simu za bei ya kupunguzwa ilikuwa ndiyo desturi. Ulilipa dola 199 kwa iPhone mpya, ukajifunga miaka miwili, na ukitaka kutoka mapema kampuni kubwa zilikutoza faini ya dola 300 na zaidi. Mwaka 2013 T-Mobile ikaja na utaratibu wa kutenganisha: iPhone 5 kwa dola 99.99 za mwanzo na dola 20 kwa mwezi kwa miezi 24. Mteja akaona kwa macho yake kwamba simu ile ni ya dola 579.99, wala si ya 199. Bili ya mawasiliano ikasimama peke yake, na simu ikiisha kulipwa, bili inashuka.

Huko ndiko shida ya mikataba ilikojificha. Oktoba 2017 shirika la Citizens Advice la Uingereza lilionyesha kwamba baadhi ya kampuni kubwa za simu ziliendelea kuwatoza wateja pesa ya simu hata baada ya mkataba kwisha na simu kulipwa yote, kwa wastani wa pauni 22 kwa mwezi. Mteja hakujua, kwa sababu bili haikuwahi kumwonyesha sehemu ipi ni simu na ipi ni mawasiliano.

Nilipomweleza jirani yangu mwalimu habari hiyo, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mwezi wa 25 watanikata ngapi?" Akarudi kuwauliza waliomletea mkataba. Hilo ndilo swali la kwanza la kila anayetaka kusaini.

Ila tusiige hitimisho la Marekani bila kutazama. Kule malipo ya polepole ya T-Mobile hayakuongezwa riba, na jumla yake ilikuwa chini ya bei ya simu ile ile dukani. Huku kwetu neno ni lile lile, "polepole", lakini jumla yake inaweza kuwa mara mbili ya bei. Kwa hiyo mtu akikwambia malipo ya awamu ni bora kuliko mkataba, muulize anazungumzia awamu za wapi.

Pesa ina msimu

Nusu ya habari iko kwenye hesabu. Nusu ya pili ni lini pesa inaingia mfukoni.

Mama anayechuma majani chai juu ya Runyenjes hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani, halafu husubiri bonasi mara moja kwa mwaka. Mwenye kahawa husubiri zaidi. Mwendesha boda boda wa Makutano, Meru, hupata kila siku. Muuza miraa wa Maua hupata kila siku gari linapoondoka, na asipate kitu siku lisipoondoka. Ukimwekea mama wa majani chai malipo ya kila siku, unamlazimisha ajikope mwenyewe, auze kuku au aombe Fuliza ili simu isijifunge kabla ya tarehe ya malipo. Riba juu ya riba.

Wavuvi wa Kilifi na Lamu hawahitaji kufafanuliwa hili. Kusi inapovuma na mashua zikakaa ufukweni, shilingi 75 ya leo na ya kesho na ya keshokutwa haitoki. Kaskazi ikirudi, samaki wapo, lakini siku zilizopita hazikusamehewa.

Na kuna misukosuko isiyo ya hewa. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza marufuku ya muguka, kilio kilisikika Mbeere nzima hadi Mahakama Kuu ya Embu ilipoisimamisha. Sisi wa Pwani tuliijadili habari hiyo kama suala la afya ya vijana wetu, na ni haki yetu kuijadili hivyo. Lakini mama mmoja wa Kiritiri anayefunga muguka aliniambia kwamba siku zile, kitu cha kwanza kilichomkatika kabla hata ya unga kilikuwa simu. Kwenye simu ile ndimo mlimokuwa na nambari za madereva na wanunuzi wake. Simu ilijifunga wakati ule ule alipoihitaji kutafuta mnunuzi mwingine.

Lawama zote zisimwangukie mwenye simu. Malipo ya siku yana faida yake kwa mtu asiye na akiba: hakuna dalali anayekuja kubeba kochi, na katika mipango mingi ukipata pesa unalipa simu inafunguka pale ulipoachia. Kijana asiyeweza kukusanya 15,000 kwa pamoja anapata chombo cha kazi leo, na kama kwa simu hiyo anaongeza abiria wa shilingi 200 kwa siku, basi 75 si mzigo. Tatizo ni pale simu inaponunuliwa kwa ajili ya video na picha, halafu inalipwa kwa pesa ya ada ya shule. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Sheria ya ununuzi kwa malipo ya polepole, Sura ya 507, inataka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi bei ya taslimu kabla ya kuingia naye katika mkataba wa aina hiyo. Sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena bila kwenda mahakamani.

Someni hapo mara mbili. Thuluthi mbili ya 30,375 ni 20,250. Katika mfano wetu unafika hapo siku ya 230. Sheria hiyo ni ya mwaka 1968, enzi ambayo kuchukua mali kulimaanisha mtu kuja nyumbani kubeba redio au cherehani. Leo hakuna anayekuja. Simu inabaki mfukoni mwako, imekuwa kipande cha kioo kisicho na kazi. Je, kuifunga kwa mbali siku ya 300 si sawa na kuichukua? Kwa maoni yangu ni sawa kabisa, na ningependa kuona wabunge wetu na mahakama wakilitolea jibu la wazi.

Kuna hatua moja. Sheria ya marekebisho ya sheria za biashara iliyotiwa saini Desemba 2024 iliipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wanaouza bidhaa kwa mtindo wa chukua sasa ulipe baadaye. Kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2022 zilikuwa zimelenga hasa mikopo ya kidijitali ya pesa taslimu. Mamlaka yakishakuwapo, kitu rahisi cha kuanzia ni bango: pale palipo na tarakimu ya siku, bei ya taslimu na jumla ya malipo ziandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule.

Kabla hujatoa kitambulisho

Nilisimama kwenye mwavuli mmoja Makutano nikauliza bei ya taslimu. Kijana akanijibu kwa adabu, "Ni 75 tu kwa siku, mzee wangu." Nikauliza tena. Akanirudishia ile ile 75. Mara ya tatu ndipo alipompigia simu mkubwa wake. Msione haya kuuliza mara tatu. Na maswali ya kuuliza ni haya:

1. Bei ya taslimu ya simu hii ni ngapi, hapa na katika duka la pili?

2. Arbuni ni ngapi, malipo ni ngapi, na ni kwa siku ngapi? Zidisha mwenyewe, jumlisha, uandike.

3. Kama ni mkataba wa mwezi: natumia kiasi gani sasa kwa bando? Angalia taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu, usikisie. Na baada ya mwezi wa mwisho bili itashuka hadi ngapi?

4. Nikilipa deni lote mapema, kuna punguzo? Kwa mkopo wenye riba kubwa, kumaliza mapema kusikopunguza chochote kunamfaidi mkopeshaji peke yake.

5. Simu ikiibwa au kuvunjika kioo, deni linaendelea?

6. Simu ikifungwa, nitaweza bado kupiga na kupokea simu?

Ongezeni na tahadhari moja ndogo inayowasaidia wengi huku: laini ya M-Pesa ya biashara iwekeni kwenye kabambe ya bei ndogo, si kwenye simu ya mkopo. Hapo simu ikijifunga, pesa na wateja hawafungiwi nayo.

Mabishano ya jirani zangu niliyaamua hivi. Mwalimu anatumia bando nyingi kwa masomo na mikutano, zaidi ya 1,500 kwa mwezi, na mshahara wake una tarehe. Mkataba unamfaa, mradi aweke alama ya mwezi wa 24 kwenye kalenda. Mdogo wake anatumia kama 600. Mkataba ungemuumiza zaidi, lakini na mdogo mdogo pia umemuumiza. Amebakiza siku 140. Jumatatu anakwenda sacco ya wenye boda boda kuuliza kama wanaweza kumalizia deni lake, iwapo tu mkopeshaji wake atakubali kumpunguzia kwa kulipa mapema. Swali la nne hakuliuliza siku aliyochukua simu, na sasa ndilo analokwenda nalo dukani kwanza.